Kuchora vyombo vya chuma kwa penseli: mwongozo kamili, kuanzia sufuria hadi kijiko

Mchoro wa sufuria huharibika kwa njia mbili. Ama mdomo umechongoka pembeni kama jicho, huku kitako kimenyooka kana kwamba kilipigiwa rula. Ama umbo liko sawa lakini chombo kinaonekana cha udongo, kijivu mwili mzima, hakimeremeti hata mchoraji asugue mpaka karatasi ichakae. Wanafunzi wa Senior Four na Senior Six hapa Uganda wanaojiandaa kuchora vitu vilivyopangwa mezani hukwama hapo, na watu wazima wanaojifunza nyumbani hukwama hapo hapo.

Chanzo ni kimoja. Kichwa kinajua kwamba sufuria ni duara, kitako chake ni bapa na alumini ni ya kijivu, basi mkono unachora hayo. Jicho linaona mambo mengine kabisa: duara limelala, kitako kimepinda kuliko mdomo, na alumini haina rangi moja bali imebeba dirisha, ukuta, kitambaa cha meza na shati la anayechora. Kazi yote iliyo hapa chini ni kulipa jicho nafasi ya kwanza.

Anza na sufuria ya alumini isiyo na mfuniko, yenye kipenyo cha sentimita 24 na kimo cha sentimita 12 hivi. Haina mkono wala mdomo wa kumiminia, kwa hiyo inakufundisha duara na mng'ao bila kukuchanganya. Tenga saa tatu, ikibidi kwa vikao viwili.

## Vifaa

- Penseli nne: HB, 2B, 4B na 6B. HB kwa mistari, 2B kwa kijivu, 4B na 6B kwa weusi. Mwenye HB peke yake hawezi kupata weusi wa kutosha, na chuma bila weusi hakimeremeti.
- Karatasi ya kuchorea ya A3, gramu 150 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni nyembamba na laini mno. Ukifuta mara ya pili inatoa nyuzi. Manila nyeupe inafaa. Ipapase pande zote mbili na uchore upande wenye ukwaru kidogo. Kwa Kampala, ulizia vipande vilivyobaki kwa wachapishaji wa Nasser Road.
- Ubao wa plaiwudi uliozidi A3 kidogo, na vibanio viwili.
- Wembe na kipande cha msasa laini. Kichongeo cha kawaida huvunja risasi ya 6B. Chonga kwa wembe mpaka risasi ijitokeze sentimita moja, kisha inoe kwenye msasa.
- Vifutio viwili: kimoja cheupe cha plastiki, kilichokatwa kwa wembe kipate kona kali, na kingine laini cha kufinyanga. Kama hicho cha pili hakipatikani, finyanga nyama ya mkate mweupe usiopakwa siagi. Siagi itaacha doa la mafuta lisilotoka.
- Spoku ya baiskeli ya kupimia. Imenyooka kuliko penseli, na wembamba wake hauzibi unachokipima.
- Uzi wa sentimita 60 wenye nati mwishoni, wa kukagua wima.
- Karatasi safi ya kuweka chini ya kiganja.
- Kitambaa cheupe kisicho na maua, na kadibodi nyeusi.

## Hatua ya 1: Panga mwanga kabla ya kupanga chombo

Chuma huonyesha kila kinachotoa mwanga chumbani. Dirisha likiwa moja, mlango ukiwa wazi na balbu ikiwaka, sufuria itapata ming'ao mitatu inayogombana. Funga mlango, zima taa, bakiza dirisha moja, na liwe upande wa kushoto ikiwa unachora kwa mkono wa kulia ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi.

Dirisha lipi? Vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya hushauri dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua huwa upande wa kusini karibu mwaka mzima. Hapa ikweta inapita ndani ya nchi, na ushauri huo unakwama nusu ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini. Miezi hiyo tumia dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi tumia la kaskazini. Kama nyumba ina madirisha ya mashariki na magharibi tu, chora asubuhi kwa la magharibi na alasiri kwa la mashariki. Unachotaka ni mwanga wa anga. Miale ya jua ikiingia moja kwa moja, ming'ao itahama kila dakika kumi na utakuwa unaifukuza.

Anayechora usiku atumie taa moja tu, ya pembeni, iliyo juu kidogo ya chombo. Mwanga huo hauhami, ila kingo za vivuli vyake ni kali zaidi.

Weka sufuria juu ya kitambaa cheupe kwenye meza ya kawaida. Simamisha kadibodi nyeusi upande usio na dirisha, sentimita 20 hivi kutoka kwenye sufuria. Kadibodi hiyo ndiyo itakayoipa alumini ukanda wa weusi, na ni nusu ya siri ya mng'ao.

Kumbuka na nguo yako. Ukikaa mbele ya birika au sufuria iliyong'arishwa, ule ukanda wa katikati ya ubavu ni wewe. Ukivaa shati jeupe leo na jeusi kesho, mchoro wa leo hautalingana na chombo cha kesho. Vaa nguo ile ile mpaka umalize, na urudi saa ile ile.

## Hatua ya 2: Pima kwa spoku

Kaa umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye sufuria, macho yakiwa sentimita 40 juu ya mdomo wake. Kiti na meza za kawaida hutoa kimo hicho bila shida. Weka alama ya chaki sakafuni kwenye miguu ya kiti, maana ukisogea hata sentimita tano vipimo vyote vinabadilika.

Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze. Fumba jicho moja. Shika spoku ikingame mbele ya jicho, isiinamie kwenye sufuria. Linganisha ncha yake na upande mmoja wa mdomo, na ukucha wa gumba na upande wa pili. Huo ni upana. Bila kulegeza kiwiko, geuza spoku wima na uhesabu kina cha mdomo, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kinaingia mara ngapi kwenye upana.

Kwa mpangilio huu kitaingia mara mbili na zaidi kidogo ya nusu. Ukipata moja na nusu, umekaa juu mno au karibu mno. Ukipata tano, uko chini mno na ndani ya sufuria unaona kidogo sana.

Kosa la kawaida hapa ni kukunja kiwiko kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Kipimo kinakua, na mchoraji anailaumu sufuria.

## Hatua ya 3: Duaradufu mbili

Duara lililolala machoni huwa duaradufu: yai lililobanwa, lakini lenye ncha mbili zinazofanana. Hapa ndipo michoro mingi hufia, basi nenda polepole.

Chora kwa HB, kwa mguso mwepesi, mstari wima katikati ya karatasi. Huo ni mhimili wa sufuria. Kagua kwa uzi wenye nati.

Chora mstari mlalo wa sentimita 18 unaokatwa katikati na mhimili, 9 kila upande. Kina cha mdomo kitakuwa karibu sentimita 6.8, kwa hiyo weka alama sentimita 3.4 juu na 3.4 chini ya makutano. Una nukta nne. Zungusha mkono hewani juu ya nukta hizo mara kumi, ukitumia bega na si kifundo cha mkono, kisha shusha penseli iguse karatasi huku mkono ukiendelea kuzunguka. Mizunguko mitatu au minne hafifu, halafu chagua ulio bora.

Sasa kitako. Shuka sentimita 8 kwenye mhimili kutoka kitovu cha duaradufu ya kwanza, ukachore ya pili. Tofauti zake na ya juu ni hizi:

- ni nyembamba kidogo, kama sentimita 17.2, kwa sababu kitako kiko mbali zaidi na jicho kuliko mdomo;
- ni nene zaidi, kama sentimita 8, kwa sababu unakitazama kutoka juu zaidi.

Hiyo ya pili ndiyo watu wanaikataa. Kitako kimekaa juu ya meza bapa, kwa hiyo mkono unataka kukinyoosha. Usiusikilize. Kadiri duara linavyoshuka chini ya usawa wa macho, ndivyo linavyofunguka. Chora duaradufu nzima ya kitako, pamoja na sehemu usiyoiona, utaifuta baadaye. Anayechora nusu ya mbele peke yake hukosea karibu kila mara.

Unganisha pande kwa mistari miwili inayoambaa ncha za duaradufu bila kuacha kona. Sufuria nyingi zina kona ya chini iliyoviringika, basi iviringishe nawe.

Kagua hivi. Geuza ubao juu chini. Ncha za pembeni ziwe za mviringo, hata kama ni mviringo mdogo. Zikiwa na kona kama za jicho, zifute ncha hizo peke yake. Kisha nakili nusu ya kushoto kwenye karatasi nyembamba, ipindue, uilaze juu ya nusu ya kulia. Zikipishana zaidi ya milimita mbili, rekebisha sasa. Kivuli hakijawahi kuokoa duaradufu iliyopinda.

## Hatua ya 4: Unene wa chuma

Sufuria yenye mdomo wa mstari mmoja ni ya karatasi. Alumini ina ukingo uliokunjwa nje, karibu sentimita moja, na ukingo huo ni duaradufu nyingine inayozunguka ile ya kwanza.

Nafasi kati ya mistari hiyo miwili hailingani pande zote. Kushoto na kulia unauona upana wote wa ukingo, milimita 7 au 8 kwenye mchoro huu. Mbele na nyuma umelala, kwa hiyo unabaki milimita 2 hadi 3. Ukiufanya sawa kuzunguka, sufuria itaonekana imevishwa tairi.

Futa mistari ya ujenzi sasa, kwa kifutio laini, kwa kugonga na si kusugua. Bakiza mistari hafifu kiasi kwamba mtu aliyesimama mita mbili nyuma yako asiione.

## Hatua ya 5: Ramani ya taswira

Usitie kivuli bado. Kwanza chora mipaka ya kila unachokiona kikitokea juu ya chuma, kama vile unachora ramani ya wilaya.

Ubavu wa sufuria ni mcheduara, yaani umbo la bomba, na mcheduara uliosimama hubana upana wa chumba chote kwenye kanda nyembamba za wima. Dirisha lenye upana wa mita moja huwa ufito wa vidole viwili. Kadibodi nyeusi huwa ukanda mweusi upande wa pili. Kati yake upo wewe na shati lako. Karibu kabisa na kingo za kushoto na kulia, chuma huonyesha kilicho pembeni na nyuma yake, na mara nyingi hapo pana ufito mwembamba wa mwanga baada ya weusi. Usiuache; ufito huo ndio unaoufanya ubavu uzunguke. Chini ya ubavu utaona kitambaa cheupe kikipanda kwenye chuma.

Ndani ya sufuria mambo hugeuka. Dirisha likiwa kushoto, ukuta wa nje unaong'aa ni wa kushoto, lakini wa ndani unaong'aa ni wa kulia. Wengi hutia kivuli upande mmoja nje na ndani, na sufuria inakuwa kigogo.

Sakafu ya ndani ina zawadi yake, ingawa kwa mpangilio huu ukingo wa mbele unaificha; utaiona ukikaa juu zaidi au ukichora sufuria fupi zaidi. Sufuria iliyosuguliwa kwa mzunguko, kwa jivu au kwa waya wa kusugulia, ina mikwaruzo midogo inayozunguka kitovu. Mikwaruzo hiyo hugawa mng'ao ukawa kama mapanga mawili ya feni yanayotazamana, yakianzia kitovuni na kutanuka hadi ukutani. Sakafu ikionekana, chora mipaka ya mapanga hayo. Usichore mkwaruzo mmoja mmoja.

Mbonyeo usiupite kama kasoro. Mwanga ukitoka juu kushoto, mbonyeo huwa mweusi upande wa juu kushoto na mweupe upande wa chini kulia, kinyume cha uvimbe. Ukibadilisha pande hizo, sufuria itaota kipele.

Utajua ramani imekamilika pale karatasi itakapokuwa na maumbo kumi na tano hadi ishirini na tano yaliyofungwa, bila kijivu hata kimoja.

## Hatua ya 6: Weusi kwanza

Pembeni ya karatasi chora visanduku vitano vya sentimita mbili. Cha 1 kiache cheupe. Cha 5 kikolee kwa 6B mpaka mwisho. Jaza 2, 3 na 4 kati yake. Kisha fumba macho nusu, tazama sufuria, na uandike namba ndogo sana ndani ya kila umbo la ramani.

Anza na namba 5. Ushauri wa kuanza na kijivu chepesi unafaa kwa boga au embe, ambavyo mwanga wake hufifia taratibu. Kwenye chuma, nyeusi na nyeupe hukaa bega kwa bega bila kijivu katikati, na ukianza na kijivu utaogopa kufika kwenye weusi. Ukishaweka 5 mbili au tatu, kila kijivu kingine kina cha kujilinganisha nacho.

Jenga weusi kwa tabaka: 2B, kisha 4B, kisha 6B, mistari ikipishana. Ukikandamiza 6B kwa nguvu tangu mwanzo, risasi inalala na kung'aa yenyewe, na ukiutazama mchoro kwa pembeni, sehemu iliyotakiwa kuwa nyeusi zaidi inaonekana nyeupe.

Fuata umbo: wima kwenye ubavu, mviringo kwenye ukingo, na kwenye sakafu, ikionekana, fuata mzunguko wa mikwaruzo.

Sasa kingo, ambazo zina tabia tatu. Ukingo wa taswira ya dirisha kwenye chuma kilichong'arishwa ni mkali. Uishie kwa ncha iliyonolewa. Ukingo wa taswira kwenye alumini iliyochakaa ni laini. Uishie kwa 2B iliyolala. Na pale ambapo chuma cheupe kinakutana na kitambaa cheupe, ukingo hupotea. Uache upotee. Mstari wa HB unaozunguka sufuria yote huua mng'ao wote ulioujenga.

Mambo mawili ni marufuku. Usilainishe kwa kidole: mafuta ya ngozi huigandisha risasi kwenye karatasi, na doa hilo halifutiki. Na usijaze kijivu sufuria nzima ukitarajia kuchimba nyeupe kwa kifutio. Nyeupe ya karatasi isiyoguswa huwa safi, na nyeupe iliyofutwa daima ina uchafu. Kifutio chenye kona kali ni cha ming'ao midogo ya mwisho tu, miwili au mitatu.

Kama sufuria yako hupikia kuni au mkaa, kitako chake kina masizi. Hiyo ni bahati. Masizi ni weusi usio na mng'ao wowote, namba 5 tupu kwa ukingo uliochakaa, na alumini iliyo juu yake itang'aa mara mbili bila wewe kuongeza kitu.

## Hatua ya 7: Kivuli cha mezani

Kivuli kilicho chini kabisa, pale sufuria inapogusa kitambaa, ni uzi mwembamba wa namba 5. Kuanzia hapo kinafifia na kulainika kadiri kinavyoenda mbali. Ndani yake tafuta mwanga unaorudishwa na chuma kwenye kitambaa. Mara nyingi kuna upinde mdogo mweupe. Bila ule uzi mweusi, sufuria inaelea.

Simamisha mchoro karibu na sufuria, rudi nyuma mita tatu, fumba macho nusu. Ikiwa sehemu nyeupe kabisa na nyeusi kabisa za mchoro ziko pale zilipo kwenye sufuria, umefaulu, hata kama kijivu kimoja au viwili vimekosea.

## Vyombo vinavyofuata

Birika. Jenga mwili kwa duaradufu kama sufuria, kisha chora mhimili wa mdomo wa kumiminia na wa mkono kabla ya unene wake. Likitazamwa ubavuni, ncha ya mdomo lazima ifikie usawa ambao chai hujaa. Ikiwa chini zaidi, hilo ni birika litakalomwaga kabla halijajaa, na macho ya mtazamaji hulijua hilo hata asipoweza kulieleza. Mdomo ukielekezwa kwako utaonekana mfupi na umeshuka. Pima, usikisie.

Kikombe cha enameli. Ni chuma ndani lakini juu ni kioo kilichoyeyushwa. Kina rangi yake, kwa hiyo kivuli chake hufifia taratibu, halafu mng'ao mdogo mkali wa dirisha hukaa juu. Palipobanduka, ukingo ni mkali na katikati ni namba 5. Usikichore kama alumini.

Sigiri ya bati. Zile zinazofuliwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, kwa bati la mapipa zina maungio yaliyokunjwa na ribiti. Hapa mng'ao ni kidogo. Kazi ni kutofautisha kutu, ambayo ni kijivu chenye chembechembe cha 2B kwenye upande wa karatasi wenye ukwaru, na bati lililo wazi. Kila ribiti ina nukta nyeupe upande wa dirisha na kivuli kama mwezi mchanga upande wa pili. Chora tatu zilizo karibu kikamilifu, nyingine ziguse tu.

Kijiko. Kiache mpaka mwisho. Upande wa mgongo unaonyesha dirisha likiwa wima. Upande wa tumbo unalionyesha juu chini. Kiweke cha tumbo juu, kichore kikubwa, urefu wa sentimita 25 kwenye karatasi, ili taswira ya dirisha ipate nafasi ya kuonyesha fremu zake. Kisha fanya kile kile: mhimili, duaradufu ya bakuli lake, ramani, weusi kwanza.

## Kuhifadhi

Weka karatasi laini safi juu ya mchoro na uulaze bapa, usiukunje kama mkeka. Wakati wa mvua karatasi hunyonya unyevu na kujikunja mawimbi, na risasi huchimba badala ya kuteleza. Katika siku hizo kausha karatasi chini ya vitabu usiku kucha kabla ya kuanza. Ukipulizia dawa ya nywele kuzuia risasi isipanguke, simama nje, umbali wa sentimita 30, pulizia kidogo mara mbili, na ujaribu kwanza kwenye vile visanduku vitano vya pembeni.